Kanisa la Blythburgh na majirani zake katika pwani ya Suffolk: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yamekusanywa kutokana na maswali ambayo Waswahili waishio Uingereza, na ndugu zao wanaokuja kuwatembelea, huuliza kila tunapofika Blythburgh. Mengi huanza na mshangao uleule: kanisa kubwa kiasi hiki, jeupe ndani, limefuata nini katika kijiji chenye nyumba za kuhesabika?

## Mambo ya mwanzo

Blythburgh iko wapi, na kwa nini linaitwa kanisa la pwani wakati bahari haionekani?

Ni kijiji cha mkoa wa Suffolk, mashariki ya Uingereza, kando ya barabara kuu ya A12. Mto Blyth unaingia baharini kati ya Southwold na Walberswick, kama kilomita sita kutoka kanisani. Lakini maji ya chumvi hupanda mtoni hadi chini ya kilima cha kanisa, yakijaa na kupwa mara mbili kwa siku kama ilivyo Lamu au Kilwa. Bamvua likiingia, kanisa huonekana limesimama kando ya ziwa kubwa. Maji yakitoka, hubaki tope linalong'aa na ndege wanaochokora chakula.

Jina lake rasmi ni Kanisa la Utatu Mtakatifu. Wenyeji wamelipa jina la heshima, kanisa kuu la mabwawa, ingawa halijawahi kuwa makao ya askofu.

Ni la Kikatoliki au la Kianglikana?

Leo ni la Kianglikana, na ibada bado zinafanyika. Lilipojengwa, Wakristo wote wa nchi hiyo walikuwa chini ya Papa. Ukilisahau hilo hutaelewa kitu humo ndani, kwa sababu jengo lilikatwa na kushonwa kwa ajili ya misa ya Kikatoliki, kisha likapewa watu wale wale walioamriwa kusali kwa namna nyingine.

Kijiji kidogo hivi kilipata wapi fedha?

Hakikuwa kidogo. Katika Zama za Kati Blythburgh ilikuwa bandari na soko, na palikuwa na nyumba ya watawa wa shirika la Mtakatifu Augustino. Mnara uliopo ni wa karne ya 14. Sehemu nyingine karibu zote zilijengwa upya katika karne ya 15, pwani hii ilipokuwa na fedha za samaki, biashara ya baharini na vitambaa vya sufu.

Fedha nyingi zilikuja kwa njia ya wasia. Watu waliamini kwamba roho ya marehemu hupita toharani, na kwamba sala za walio hai humpunguzia muda. Kwa hiyo mfanyabiashara aliyekuwa akifa aliusia fedha za dirisha, za kengele au za mabenchi, na wanakijiji wakawa na deni la kumwombea. Msomaji anayejua maana ya wakfu msikitini ataona undugu hapo, ijapokuwa itikadi ni tofauti. Ukuta huu mzima umejengwa na hofu ya mauti na upendo kwa jamaa. Siwezi kuutazama kwa namna nyingine.

## Jengo lenyewe

Kuta zimejengwa kwa jiwe gani? Mbona zinang'aa kama chupa zilizovunjika?

Ni gumegume, jiwe gumu ambalo ukiligonga kwa chuma hutoa cheche. Suffolk haina miamba ya kuchonga, lakini gumegume limejaa mashambani na ufukoni. Mafundi waliyaokota, wakayapasua ili uso mweusi unaong'aa utazame nje, kisha wakayapanga katika chokaa. Tatizo la jiwe hili ni kwamba halitoi pembe. Kwa hiyo kona, fremu za madirisha na matao yalihitaji jiwe laini la kuchonga, nalo lililetwa kutoka mbali, mara nyingi kwa mashua. Ndiyo sababu kanisa lililo karibu na maji lilikuwa na nafuu kubwa kuliko lililo bara.

Uzuri ulizaliwa kutokana na upungufu huo. Mafundi walichonga jiwe jeupe kuwa herufi na maua, wakajaza gumegume jeusi katikati, uso wa ukuta ukabaki sawa kama mkeka uliosukwa rangi mbili. Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Southwold, ambako herufi za jiwe zimezunguka dirisha la magharibi zikimsihi Mtakatifu Edmundi awaombee.

Wakati huohuo Waswahili wa Kilwa na Gede walikuwa wakijenga kwa matumbawe na chokaa ya matumbawe yaliyochomwa. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Ila fundi wa Pemba anayejua tabia ya chokaa angeelewana haraka na fundi wa Blythburgh.

Kwa nini makanisa ya zamani hutazama mashariki? Ni kama kibla?

Kuna kufanana, lakini si kitu kimoja. Kibla ni kuelekea mahali mahususi, kwa hiyo msikiti wa Mombasa hutazama kaskazini na wa Istanbul hutazama kusini. Kanisa la Zama za Kati lilielekezwa upande jua linakochomoza, ishara ya ufufuko na ya kurudi kwa Kristo, popote lilipo duniani. Makaburi nayo yalifuata mwelekeo huo. Vipimo havikuwa vikali: makanisa mengi yamekosea mashariki kwa kiasi kinachoonekana wazi kwenye ramani.

Ukumbi una urefu gani, na kwa nini una mwanga mwingi hivyo?

Kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ni karibu mita 39. Mwanga unatoka kwenye safu ya madirisha ya juu, 18 kila upande, yaliyopangwa juu ya matao, karibu sana na dari. Jambo jingine ni kwamba hakuna tao linalotenga ukumbi wa waumini na sehemu ya altare. Paa ni moja moja kwa moja hadi mwisho, na jicho halikwami popote.

Vioo navyo ni vyeupe, na hilo halikuwa kusudi la wajenzi. Madirisha yalikuwa na picha za rangi, na mabaki yake bado yapo katika vijitundu vya juu ambavyo nyundo haikuvifikia. Mwangaza tunaousifu leo ni wa nyumba iliyoporwa. (Nani aliyepora? Tazama sehemu ya hasara hapa chini.)

Paa linashikiliwa na nini?

Katika nyumba za mawe za Waswahili upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, kwa hiyo vyumba ni vyembamba na virefu. Hapa mti ni mwaloni. Boriti moja huvuka ukumbi wote wa kati, kutoka ukuta hadi ukuta. Paa lina mteremko mdogo sana, na liliwezekana kwa sababu juu lilifunikwa kwa mabamba ya madini ya risasi, ambayo hayahitaji mteremko mkali kama makuti au vigae. Kwa ndani mbao zilipakwa nyeupe na kuchorwa maua na herufi za jina la Yesu. Rangi imefifia, lakini ipo.

Na wale malaika?

Katikati ya boriti wamekaa malaika wa mbao, wawili wawili, mgongo kwa mgongo, mmoja akitazama mashariki na mwenzake magharibi. Mabawa yao yamekunjuliwa kama ya ndege anayejiandaa kutua. Wengine wamepoteza mabawa, wengine hawapo tena. Lala chali kwenye benchi uwatazame, hakuna atakayekukemea. Shingo haitoshi kwa kazi hiyo.

Minara ilijengwa kwa muda gani?

Kwa miaka mingi. Chokaa hukauka polepole, na baridi kali huiharibu ikiwa bado mbichi, kwa hiyo ujenzi ulifanyika miezi ya joto tu. Kila mwaka mnara ulipanda kidogo, ukafunikwa, ukasubiri.

Mkataba wa mnara wa Walberswick, jirani kabisa, umehifadhiwa. Ni wa miaka ya 1420. Mafundi wawili, mmoja wa Dunwich na mmoja wa Blythburgh, walikubali kulipwa shilingi 40 kwa kila yadi ya kimo, pamoja na kanzu na pipa la samaki aina ya heringi kila mwaka. Mnara uligeze ule wa Tunstall, na mlango na madirisha yake yafanane na ya Halesworth. Katika sentensi hizo chache naiona pwani yote: kijiji kinamtazama jirani, kinataka chake kiwe kizuri vilevile, na malipo yananuka samaki.

Chumba kilicho juu ya kibaraza kilikuwa cha nini?

Vyumba vya namna hiyo vilitumika kwa mambo mengi: kuhifadhi nyaraka na vitu vya thamani, kulaza padri, kufundishia watoto. Kibaraza chenyewe kilikuwa sehemu ya ibada. Ndoa ilifungwa mlangoni mbele ya macho ya kijiji, kisha ndipo maharusi wakaingia kwa misa. Ubatizo nao ulianzia hapo.

## Vyombo na samani

Kwa nini kisima cha ubatizo kimekwanguliwa sura zote?

Kina pembe nane. Saba zilichongwa sakramenti saba: ubatizo, kipaimara, ekaristi, kitubio, mpako wa wagonjwa, daraja takatifu na ndoa. Visima vya namna hii ni sifa ya Norfolk na Suffolk, nje ya hapo ni nadra mno. Mageuzi ya Kiprotestanti yalipobakiza sakramenti mbili tu, kila pembe ikawa ushahidi wa imani iliyokatazwa, na patasi ikapitishwa. Ukitaka kuona kisima hiki kilivyokuwa, nenda Cratfield au Badingham, vijiji vya jirani, ambako michongo imepona kwa kiasi kikubwa. Mimi humshauri kila mgeni aende, hata kama ana saa moja tu ya ziada.

Michongo iliyo mwishoni mwa mabenchi inaeleza nini?

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Kabla ya karne ya 15 waumini wengi walisimama, na mabenchi yalipokuja, vijiji vilishindana kuyapamba. Ya Blythburgh yana vijisanamu vya watu kwenye ncha, kimo cha kiganja na kidogo zaidi, vilivyolainishwa na mikono ya karne tano.

Vingi ni mizizi ya dhambi, ile ambayo mtoto wa katekisimu anaijua kwa moyo. Uvivu yuko kitandani, ndiyo kwanza anaamka. Ulafi ameshika kitambi chake. Uchoyo amekalia kasha la fedha. Kuna mnafiki anayesali huku macho yamefunguka, kuna msingiziaji mwenye ulimi nje, na mlevi amefungwa miguu kwenye mkatale. Vingine vinaonyesha matendo ya huruma, na vingine kazi za mwaka: kupanda, kuvuna, kuchinja nguruwe.

Mchongaji alikuwa anawatazama watu anaowajua. Huyo mwenye kitambi si dhana, ni mtu aliyekuwa akikaa safu ya tatu. Wenyeji wasiojua kusoma walishika vichwa hivyo kila Jumapili walipopita kwenda kuketi, na somo likawaingia kwa kiganja.

Kiambaza cha mbao kinachokata ukumbi ni cha nini?

Kilitenga sehemu ya padri na ya waumini. Chini kilichorwa watakatifu, na juu yake palisimama msalaba mkubwa, Maria upande mmoja na Yohane upande wa pili. Misalaba hiyo iliteremshwa kote nchini katika karne ya 16. Cha Blythburgh kimebaki kwa sehemu tu na kimetengenezwa sana baadaye. Chenye rangi zake za kale kiko Southwold.

Lakini kama utaona kitu kimoja tu, kione cha Wenhaston, kama kilomita nne kutoka hapa. Juu ya kiambaza chao palikuwa na mbao zilizochorwa Siku ya Hukumu: wafu wanatoka makaburini, Mikaeli ameshika mizani, waovu wanasukumwa motoni. Ilipigwa chokaa wakati wa Mageuzi ikasahaulika. Mwaka 1892 mafundi wa ukarabati walizitupa mbao hizo uani kama takataka. Usiku mvua ikanyesha, chokaa ikatoka, na asubuhi nyuso zikaonekana. Katikati ya mchoro kuna vivuli vitupu vya msalaba, Maria na Yohane, mahali sanamu ziliposimama na brashi haikupita. Mimi sijaona picha nyingine inayoeleza upotevu wazi hivyo.

Yule mtu wa mbao anayegonga kengele ni mtakatifu gani?

Si mtakatifu. Ni sehemu ya saa: alitengenezwa kugonga kengele saa inapotimu, na ana tarehe ya 1682. Southwold wana mwenzake wa zamani zaidi, amevaa mavazi ya vita. Leo hutumiwa kuashiria kuanza kwa ibada.

Viti vya kwaya vina matundu ya kidau cha wino. Vipi?

Vina mitume wamechongwa mbele, lakini katika karne ya 17 viligeuzwa kuwa madawati ya shule. Mtoto wa Kiholanzi alichonga jina lake hapo mwaka 1665. Utundu wa miaka hiyo leo tunauita historia, na nafurahi kwamba hakuna aliyeupiga randa.

## Hasara

Nani aliharibu picha na sanamu?

Ziliharibiwa mara mbili. Kwanza na serikali katika karne ya 16, chini ya wafalme wa Mageuzi: nyumba ya watawa ilifungwa mwaka 1537, na miaka kumi baadaye amri za kuondoa sanamu zikafuata. Kisha, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alikuja William Dowsing, aliyepewa mamlaka ya kusafisha makanisa ya mashariki na kila alichokiita ushirikina. Alifika Blythburgh mwezi wa Aprili 1644. Aliweka shajara, nayo ipo: humo ameandika picha alizovunja na kuagiza makerubi 20 wateremshwe. Agizo hilo halikutimizwa lote, ndiyo maana unapolala chali bado unaona malaika.

Ni kweli askari wake waliwapiga malaika risasi?

Hadithi hiyo husimuliwa sana, na vyembe vya risasi vilikutwa kweli katika mbao. Lakini ni vya karne ya 18, wakati wazee wa kanisa walipowalipa watu kuwapiga kunguru wadogo waliojaa darini. Dowsing ana makosa yake ya kutosha, hili tusimwongezee.

Alama nyeusi kwenye mlango wa kaskazini ni za shetani?

Jumapili tarehe 4 Agosti 1577, watu wakiwa katika ibada, dhoruba ya radi ilipiga. Ncha ya mnara iliporomoka na watu walikufa. Siku hiyohiyo kanisa la Bungay nalo lilipata maafa, na kijitabu kilichochapwa mara moja kikasimulia kuhusu mbwa mweusi aliyekimbia kati ya waumini. Simulizi za baadaye zikasema alama za kuungua mlangoni ni za kucha zake akitoka.

Watafiti wa majengo wameona alama kama hizo katika nyumba nyingi za kale, zikichomwa kwa mshumaa makusudi kama kinga dhidi ya moto na uovu. Mimi naona maelezo hayo yana uzito. Ila ukiweka kidole katika shimo mojawapo jioni, mlango mzito umefungwa nyuma yako, utaelewa kwa nini kijiji kilihitaji kumtaja mbwa.

Ikiwa kijiji kilifukarika, kwa nini kanisa halikubomolewa?

Mto ulijaa mchanga, meli zikawa kubwa mno kupanda, na mwaka 1676 moto ukateketeza sehemu kubwa ya kijiji. Waliobaki hawakuwa na fedha za kubomoa wala za kujenga upya. Walifanya walichoweza: madirisha yakazibwa kwa matofali, mvua ikaingia, na inasemekana waumini walifungua miavuli ndani. Mwaka 1881 askofu aliamuru lifungwe kwa kuwa ni hatari. Lilifunguliwa tena mwaka 1884, baada ya mabishano makali ambamo William Morris, msanii na mtetezi wa majengo ya kale, na wenzake walitaka jengo litengenezwe bila kufanywa jipya.

Kwa hiyo umaskini ndio ulioliokoa. Parokia tajiri za karne ya 19 zilinunua mabenchi mapya na kupaka vioo rangi upya. Hii haikuwa na uwezo, na kwa ajili hiyo bado tuna mabenchi yenye mlevi wake.

## Kutembelea, na maswali ya pembeni

Mimi ni Mwislamu. Naweza kuingia?

Ndiyo, na wengi huingia. Mlango kwa kawaida huwa wazi mchana, hakuna kiingilio, kuna sanduku la sadaka tu. Viatu havivuliwi. Mwanamume huvua kofia, desturi iliyo kinyume na yetu ya msikitini. Ikiwa ibada inaendelea, subiri kibarazani. Stesheni za treni za karibu ni Darsham na Halesworth, na kutoka hapo utahitaji teksi, basi au baiskeli.

Nimesikia muziki mkubwa ulipigwa hapa. Kwa nini?

Ukumbi wa tamasha la muziki la Aldeburgh, huko Snape, uliungua Juni 1969 tamasha likiwa limeanza tu. Maonyesho kadhaa yalihamishiwa Blythburgh, na tangu hapo kanisa limeendelea kutumika kwa muziki. Mbao na nafasi ile vinabeba sauti vizuri sana.

Kengele za Dunwich husikika kweli chini ya bahari?

Dunwich ilikuwa bandari kubwa kuliko Blythburgh. Dhoruba za karne ya 13 na 14 zikaiziba bandari na kuubomoa mji, na kila kizazi kikaona kanisa likienda. La mwisho, la Watakatifu Wote, liliporomoka kidogo kidogo kutoka juu ya genge mwanzoni mwa karne ya 20, na mnara wake ukaanguka mwaka 1919. Nguzo moja ya ukuta wake ilihamishiwa uani kwa kanisa la Mtakatifu Yakobo. Kuhusu kengele, parokia iliyokimbia bahari haikuacha shaba nyuma. Ziliuzwa.

Kule Covehithe kuna kanisa ndani ya kanisa. Ni salama kwenda?

Kanisani, ndiyo. Wanaparokia walishindwa kulitunza jengo kubwa, na mwaka 1672 wakaruhusiwa kulivunja na kujenga dogo la makuti ya nyasi katikati ya magofu. Matao matupu yanalizunguka kama mbavu. Walberswick walifanya vivyo hivyo miaka ishirini na kitu baadaye.

Hatari iko mbele ya kanisa. Barabara inaendelea kuelekea baharini kisha inakatika hewani, kwa sababu genge la mchanga hulika mita kadhaa kwa mwaka. Uzio ukiukuta, ishia hapo, na usipite chini ya genge baada ya mvua. Picha iliyopigwa mwaka jana isikudanganye, ukingo umeshasogea.